Mstari wa Kumtoa Mama Kengele

Baraza la wazee wa kanisa letu lina kanuni ambayo sijaisikia kwingine. Ni Kanuni ya Saba. Inasema mjumbe hatatoa hoja bila mstari wa Maandiko wa kuiunga mkono, na atakayeipinga naye alete mstari wake. Mistari yote huandikwa pembeni mwa kumbukumbu za kikao kwa wino mwekundu. Mwenyekiti wa zamani aliyeitunga, Mungu amrehemu, alidhani kwa njia hiyo tungeacha kugombana. Hatukuacha. Tulianza kugombana kwa sura na aya.

Nilikuwa katibu wa baraza hilo kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo wino mwekundu ulikuwa wangu. Nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne, shule ya jioni, nikitoka kiwanda cha uchapaji na gundi imekauka kwenye kucha. Kazi yangu ilikuwa kujalidi vitabu, yaani kushona karatasi kwa uzi na kuzitia jalada. Nilishona vitabu kwa miaka kumi na mmoja kabla sijaweza kusoma hata kimoja, na siku nilipoweza, nilianza na kile kinene kuliko vyote. Nimekisoma mara tisa, mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile orodha za majina ambazo wachungaji huziruka.

Katika kusoma huko nikagundua kwamba Kanuni ya Saba haiwezi kumshinda mtu yeyote. Nina daftari la safu mbili. Upande wa kushoto nimeandika mstari, na upande wa kulia ule unaovuta kwenda kwingine. Mahali pamoja tunaambiwa nuru yetu iangaze ili watu wayaone matendo yetu mema. Ukifunua karatasi moja mbele, sadaka itolewe kwa siri, mkono mmoja usijue unachofanya mwingine. Mwenyekiti wetu wa sasa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alipotoa saa ya ukutani yenye jina lake kwa herufi za dhahabu, alisoma ule wa nuru. Mwezi uliofuata Fundi Cherehani alitoa mapazia akaomba jina lake lishonwe kwenye pindo. Mwenyekiti akamsomea ule wa mkono. Hoja zote mbili zilipita, na zote niliziandika kwa wino uleule.

Sisemi Maandiko yanajipinga. Nasema tu kwamba barazani kwetu yalikuwa kama rafu ya nati dukani kwa Mwenyekiti: kila skrubu ilipata ya kwake.

Alhamisi moja, saa kumi jioni, Mwenyekiti alifika kwangu.

"Habari za hapa, Katibu?"

Ana miaka hamsini na minane na mimi nina sabini na sita, lakini tangu apewe kiti hicho shikamoo zake zimekuwa adimu.

"Nzuri. Karibu ukae."

"Sikai. Nataka mstari. Uwe mkali, lakini usiwe na kelele."

"Juu ya nini?"

"Kazi. Mtu hafanyi kazi, ila anafaidi tu."

Nisidanganye, nilijisikia vizuri. Mwenye gari amesimama mlangoni kwangu, anasubiri nivae miwani. Nikampa miwili: ule wa asiyetaka kufanya kazi asile, na ule wa kila mtu kuubeba mzigo wake mwenyewe. Akaandika nyuma ya risiti, akashukuru, akaondoka.

Mke wangu alikuwa jikoni anamenya vitunguu, mlango wazi.

"Umemuuliza ni nani huyo asiyefanya kazi?"

"Katibu hatoi hoja, mama. Katibu anaandika."

"Ehee. Kumbe wewe umemnolea kisu tu, kuchinja atachinja mwenyewe." Akafuta macho kwa kiwiko. "Unaijua ile meza yake ya ofisi, aliyoichongesha kabla hajawa na ofisi?"

"Nimeisikia."

"Iko sebuleni kwao. Mkewe ananiambia wageni wanaingia kwa ubavu. Amempa mwezi mmoja: itoke meza au atoke yeye. Sasa niambie, Mwalimu wa Jioni," jina la utani alilonipa tangu shule ile ya jioni, "pale kanisani kuna chumba gani cha kuingiza meza?"

Kulikuwa na kimoja tu. Kimepakana na chumba cha baraza, kimetengwa kwa ubao. Ndani yake aliishi Mama Kengele. Mumewe alikuwa mlinzi wa kanisa, na alipofariki, miaka minane iliyopita, baraza lilimpa mjane chumba hicho. Alifagia kanisa na kupiga kengele tangu ujana wake. Mwaka huu macho yake yaliingia ukungu, akateleza kwenye ngazi ya kengele, na nyonga haikurudi sawasawa. Hakujaliwa mtoto, na ndugu zake wote wametangulia. Akitolewa pale, hana mlango mwingine wa kubisha hodi.

Jioni ile chakula kilinikwama. Mke wangu alikiona kinavyokwama na wala hakunisogezea maji.

Jumamosi tukakutana. Wenye kura walikuwa watatu: Mwenyekiti, Fundi Cherehani, na Mzee wa Dawa, ambaye ana duka la dawa na hajawahi maishani mwake kutofautiana na mtu aliyesema mwisho. Mimi na Mchungaji hatuna kura. Mchungaji ni kijana, ametoka chuoni miezi mitano tu, viatu bado vinalia.

"Hoja," Mwenyekiti akasema. "Chumba cha pili kirudi kwenye matumizi ya kanisa ifikapo mwisho wa mwezi." Mtu hakumtaja. Akatoa risiti mfukoni, akafungua Kitabu, akasoma kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Nikaandika pembeni.

"Asiyetaka," Fundi Cherehani akasema. "Huyu mama nyonga imevunjika. Alitaka ivunjike?"

"Ninao mwingine. Kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe. Sura ya sita, mstari wa tano."

Fundi akalamba kidole, akafunua. "Sura hiyohiyo, mstari wa pili. Mbebeane mizigo."

"Wa tano umekuja baadaye. Neno la mwisho ndilo linalosimama."

"Kwa hiyo kutoka wa pili mpaka wa tano mwandishi alishabadilisha mawazo?"

"Huwezi kujua. Labda alipata taarifa."

"Wazee wangu," Mchungaji akasema, "tukiangalia muktadha, hakuna ugomvi pale. Kuna mzigo unaomwelemea mtu, huo tunasaidiana. Na kuna wajibu wa kila mmoja mbele za Mungu, huo hakuna wa kukubebea. Tena anayeulizwa kuhusu wajibu wake hapa si huyu mama. Ni sisi."

Lilikuwa neno bora kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Nilipofika nyumbani nilichora safu ya tatu kwenye daftari langu ili nipate pa kuliandika. Mwenyekiti alimtazama kama unavyomtazama mteja anayeuliza bei na kuondoka.

"Mchungaji, huo muktadha una sura na aya?"

"Hauna, lakini..."

"Basi hauingii kwenye kumbukumbu."

Mzee wa Dawa akakohoa. "Imeandikwa pia kwamba mjane aandikwe kwenye orodha akiwa ametimiza miaka sitini. Huyu tuna cheti chake cha kuzaliwa?"

"Hatuna," Mwenyekiti akasema haraka. "Hoja nzuri sana hiyo."

"Aitwe aulizwe," Fundi akasema, akainua ngumi kubisha ubao.

"Usiniumizie ubao, nasikia," sauti ikatoka upande wa pili. "Nasikia tangu mlipofungua kwa sala."

Akaingia taratibu, akiegemea mpini wa ufagio usio na ufagio. Nikampisha kiti changu. Hakukaa.

"Shikamoo mama," Mchungaji akasema, na wengine wakamfuata, Mwenyekiti akiwa wa mwisho.

"Marahaba wanangu."

"Mama, una miaka mingapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Sijui, baba. Lakini siku unabatizwa nilikupakata mimi, mama yako anatafuta kiatu chake chini ya benchi. Nilikuwa mwanamke mwenye mume. Ulinikojolea hapa." Akagusa paja. "Hesabu kuanzia hapo."

Fundi Cherehani akacheka mpaka akashika meza. Mzee wa Dawa akahesabu kwa vidole. "Sitini amepita," akasema. "Amepita mbali."

"Tuache utani," Mwenyekiti akasema. Masikio yalikuwa yameiva. "Mama, tulikupa chumba kile kwa muda, mpaka ujipange."

"Mlinipa mpaka nife. Nilikaa kwenye kiti kile pale, nimevaa nguo za msiba. Mkanisomea na neno."

"Limeandikwa? Maana katika baraza hili, kisichoandikwa hakikufanyika."

"Kuandika ni kwa Katibu. Mimi nina masikio." Akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya Mwenyekiti, maana macho hayakumfikisha. "Na ubao huu ni mwembamba. Miaka minane nawasikia. Mwanao alipochukua spika za kanisa akazipeleka kwenye disko, zikarudi zimepasuka, mlisoma hapa kwamba msihukumu. Kikao kilekile, binti wa Fundi, aliyeonekana kwenye disko lilelile amesimama tu na soda, mkasoma hukumuni kwa haki, mkamtoa kwaya. Nilikuwa nachemsha chai yenu. Nikasema, kumbe mistari nayo ina jamaa zake."

Fundi Cherehani hakucheka tena. Binti yule sasa anaimba kwenye kanisa jingine, na baba yake hupita nje ya kanisa hilo Jumapili akasimama kidogo.

"Maneno ya nyuma ya ubao," Mwenyekiti akasema. "Katibu, fungua kitabu cha mwaka ule. Tusomee kama kuna kitu kama hicho."

Alisema kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kisichokuwemo.

Kitabu kile nilikishona mwenyewe, na kurasa nilizipa namba kwa mkono wangu. Miaka sita iliyopita, Askofu alipokuwa anakuja kutukagua, Mwenyekiti alikichukua nyumbani kwake siku mbili ili "akipitie." Kiliporudi, nilikijua kwa kukinyanyua tu, kama mama anavyomjua mtoto aliyekonda. Nikahesabu. Karatasi yenye ukurasa wa sitini na moja na sitini na mbili, ile ya spika na disko, haikuwepo.

Sasa, asiyejua kujalidi anadhani karatasi ya kitabu inajitegemea. Sivyo. Tunachukua karatasi kubwa, tunaikunja katikati, tunapitisha uzi kwenye mkunjo. Nusu moja inakuwa ukurasa wa mbele, nusu nyingine wa nyuma, na zinashikana kwa uzi mmoja. Angekata kwa wembe akaacha ukingo kidogo, nusu ya pili ingebaki salama. Lakini yeye aling'oa, kama anavyong'oa misumari, mkunjo ukachanika wote. Nusu ya pili, ya ukurasa wa thelathini na tano na thelathini na sita, ikabaki bila kushikwa na kitu, na siku nisiyoijua ikadondoka ikapotea.

Nililijua hilo, nikanyamaza. Nilijiambia katibu anaandika, haulizi. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa Katibu. Mtu aliyekuwa akiweka dole gumba kwenye karatasi ya mshahara hasahau siku ya kwanza alipoulizwa, "Katibu, unasemaje?"

Nikasimama. Kitabu nikakifungua juu ya meza ili wote waone.

"Ukurasa wa sitini unafuatwa na wa sitini na tatu," nikasema. "Karatasi iling'olewa kitabu kikiwa kwa Mwenyekiti. Na mwenzake, wa thelathini na tano, ulitoka kwa sababu hiyo. Nimelijua hili kwa miaka sita."

Fundi akakivuta kitabu karibu, akapitisha kidole palipochanika.

"Wa thelathini na tano ulikuwa na nini?" Mzee wa Dawa akauliza.

"Chumba cha mama."

"Unakumbuka au unaona?" Mwenyekiti akasema. Hakuwa na rangi nzuri, lakini alikuwa bado anapigana. "Hata mimi nakumbuka mengi. Kipo kwenye kitabu au hakipo?"

"Hakipo."

"Basi hakikufanyika. Tupige kura."

"Ngojeni," Mama Kengele akasema. "Hiyo karatasi yenu ina wekundu pembeni?"

Hakungoja jibu. Tukamsikia upande wa pili akiburuta kitu chini ya kitanda. Akarudi na kopo la biskuti lenye kutu, akaliweka mbele yangu.

"Nafagia chini ya meza hii tangu mnipe funguo. Kusoma sijui. Lakini karatasi ya chumba hiki sijaitia jalalani hata siku moja. Ile yenye wekundu niliiweka chini kabisa. Nilidhani ni neno la Mungu."

Nikatoa bahasha kuukuu za sadaka, ratiba za ibada, mchoro wa meza kubwa yenye droo sita ambao Mwenyekiti aliukunjua upesi akaukunja upesi zaidi. Chini kabisa, imekunjwa mara nne, ilikuwa karatasi yangu. Namba thelathini na tano, kwa mkono wangu. Nikaipeleka kwenye mshono wa kitabu, na ukingo uliochanika ukakaa mahali pake kama jino linalorudi kwenye ufizi.

Nikasoma kwa sauti. Chumba cha pili amepewa mjane wa mlinzi, akae mpaka Bwana atakapomwita. Pembeni, kwa wekundu, ule mstari wa kwamba dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki zao.

"Aliyetoa hoja ni nani?" Fundi akauliza, kwa upole wa mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Mwenyekiti."

"Na saini?"

"Ya Mwenyekiti."

Mzee wa Dawa aliitazama karatasi, akamtazama Mwenyekiti, akaitazama tena karatasi. Aliyesema mwisho ilikuwa karatasi. Kura zikawa mbili kwa moja. Mama Kengele alibaki na chumba chake.

"Mmemaliza?" akauliza. "Nimeacha maji kwenye moto." Akachukua kopo lake, akaondoka na mpini wake, na mlango akaufunga mwenyewe.

"Sasa," Fundi akasema, "tuje kwenye hiyo ya sitini na moja."

Mwenyekiti alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na unyevu kidogo. Sijui aliutoa wapi. "Ndugu zangu," akasema, "msihukumu, nanyi msije mkahukumiwa."

Nikaandika. Ni haki yake, na mstari ni mstari. Mzee wa Dawa alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa huruma, maana sasa aliyesema mwisho alikuwa Mwenyekiti. Suala la karatasi likaishia hapo.

"Lakini," Mwenyekiti akaendelea, na mabega yakarudi juu, "katibu anayejua jambo miaka sita akalificha hatufai. Natoa hoja aondolewe."

"Kwa mstari upi?" Mchungaji akauliza. Alikuwa anaanza kujifunza.

Mwenyekiti akafunua mbele, akafunua nyuma. Akageuza risiti, upande wa pili ulikuwa na bei za mabati. Kwa saa yake mwenyewe alitafuta dakika nne. Nilimwangalia nikaona aibu kwa niaba ya Kitabu.

"Ni ule wa mwaminifu katika lililo dogo," nikamwambia. "Injili ya tatu, sura ya kumi na sita, mstari wa kumi."

"Asante, Katibu."

Hoja ikapita kwa kura tatu. Hata Fundi aliinua mkono, na sikumlaumu. Binti yake alikuwa kwenye ukurasa ule, na mimi niliujua ulipokosekana. Nikaandika uamuzi, nikaandika mstari kwa wekundu, nikaweka tarehe, nikafunika kalamu. Kumbukumbu zilikuwa safi, bila kufuta hata mahali pamoja.

"Kwa hiyo umefukuzwa kwa mstari wako mwenyewe?" mke wangu akaniuliza.

"Ulikuwa mstari sahihi."

"Mwalimu wa Jioni," akasema, na safari hii maji alinisogezea.

Katibu wa sasa ni Mzee wa Dawa. Anaandika kwa mwandiko wa vyeti vya dawa, na nasikia hakuna anayeweza kusoma kilichoamuliwa, jambo ambalo Mwenyekiti amelisifu. Meza bado iko sebuleni kwao. Mkewe ametandika juu yake kitambaa na kuweka maua. Ukurasa wa thelathini na tano niliomba kuushona tena kabla sijakabidhi kitabu. Niliutilia ukanda wa kitambaa kwenye mkunjo na uzi mara mbili. Huo haung'oki tena labda king'olewe kitabu kizima.

Fundi Cherehani hunipitia baada ya kila kikao kunieleza yaliyotokea. Mwezi uliopita Mwenyekiti alisimama kusoma ule mstari wa nuru kuangaza, kwa ajili ya kibao cha jina lake kwenye lango jipya. Kabla hajafika katikati, mpini wa ufagio ukagonga ubao mara mbili, taratibu.

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Akakohoa," Fundi akasema. "Halafu akaanza kutafuta mwingine."

Bado hajaupata. Ninao, lakini hajaja kuniuliza.